Anayejijengea Nyumba

Zamani kila mtu alijijengea nyumba yake. Kijana aliyetaka kuoa alikwenda porini, akakata miti, nyasi na kamba. Ndugu na rafiki walimsaidia siku chache, na nyumba ikasimama. Ilikuwa nyumba ya miti na udongo. Haikutaka fedha nyingi, lakini haikudumu. Mchwa walikula miti kutoka chini, mvua ikaosha udongo wa kuta, na baada ya miaka michache mwenye nyumba alianza tena.

Nyumba ya matofali ya kuchoma ni nyingine. Ikijengwa vema, baba humwachia mwana, na mwana humwachia mjukuu. Katika nchi ya Kongo watu wengi walijifunza ufundi huo katika misioni. Mapadri Weupe walifika Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Mwaka 1893 walianza misioni ya Baudouinville, mahali panapoitwa leo Kirungu, karibu na Moba. Mabruda waliwafundisha vijana kufyatua matofali, kuyachoma, kuyapanga ukutani, na kuchonga mbao.

Je, mtu asiye fundi aweza kujenga nyumba ya namna hiyo kwa mikono yake mwenyewe? Aweza. Lakini sharti ajue mambo mawili: kazi gani anaiweza, na kazi gani hajaijua bado. Habari ya baba mmoja wa milima ya Marungu yaonyesha jambo hilo.

I. Udongo na moto

Baba huyo alikuwa mkulima. Miaka ya 1950 alikaa na mkewe na watoto wanne katika nyumba ya miti iliyokwisha kuinama. Kwa kuuza maharagwe miaka mitatu alipata fedha za kununua mabati, misumari na mifuko michache ya simenti. Fedha za kumlipa fundi kazi yote hakuwa nazo.

Akamwendea mzee mmoja aliyekuwa mwashi wa misioni tangu ujana wake.

«Mzee,» akamwambia, «nataka kujijengea nyumba ya matofali. Mikono ninayo, lakini ufundi sina, na fedha ni kidogo.»

Mzee akamtazama. «Mwanangu, mgongo wangu hauinami tena. Wewe una mgongo, mimi nina macho. Nitakuja kwako kila siku ya Posho, nitazame kazi ya juma. Lakini tuagane neno moja: nikikuambia ubomoe, utabomoa.»

Yule baba akacheka, akakubali. Hakudhani kwamba neno hilo lingekuwa zito.

Kazi ilianza mwezi wa tano, mvua zilipokwisha. Karibu na nyumba palikuwa na kichuguu kikubwa. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, maana hushikamana. Lakini ukitumika peke yake hupasuka unapokauka. Kwa hiyo waliuchanganya na udongo wenye mchanga. Mzee alichukua tonge la udongo huo, akalisokota kama nyoka kati ya viganja. «Likikatika upesi, mchanga umezidi,» alisema. «Likikunatia mikononi, mchanga haujatosha.»

Watoto waliukanyaga udongo kwa miguu shimoni, wakauacha ulale usiku mmoja. Asubuhi baba alifyatua kwa kalibu ya mbao. Kila mara alichovya kalibu majini na kuinyunyizia mchanga, ili tofali litoke bila kuvunjika. Kila tofali lilikuwa na urefu wa sentimeta 24, upana 11 na kimo 7. Matofali mabichi yalifunikwa kwa nyasi siku za kwanza. Jua kali likipiga tofali bichi, nje hukauka upesi kuliko ndani, nalo hupasuka. Baadaye yalisimamishwa kwa ubavu, yapate upepo pande zote.

Matofali mangapi yatatosha? Mtoto wa kwanza alisoma darasa la tano, akapiga hesabu. Nyumba itakuwa na urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, basi mzunguko wake ni mita 28. Kuta zitakuwa na kimo cha mita 2 na nusu. Hiyo ni mita mraba 70. Ukiondoa milango na madirisha, zabaki 62. Ukuta wenye unene wa tofali zima hutaka kama matofali 90 kwa kila mita mraba, yaani matofali 5,580. Kuta mbili nyembamba za ndani zataka kama 1,350. Jumla ni 6,930.

Mzee akasema: «Hesabu ni nzuri. Lakini moto hula sehemu yake, na mikono huvunja sehemu yake. Fyatueni 8,000.» Walifyatua 200 kila siku ya kazi. Iliwachukua siku 40.

Matofali yalipokauka yalipangwa kuwa tanuru. Chini waliacha mapito ya kutia kuni, na kati ya tofali na tofali nafasi ndogo ya moto kupita. Nje walipaka udongo, joto lisitoke. Moto uliwaka siku kadhaa, mchana na usiku, nao walilala zamu. Kisha walifunga midomo ya tanuru, wakangoja zaidi ya juma moja. Kufungua tanuru lenye moto ni kuyapasua matofali kwa baridi ya ghafula.

Tofali lililoiva hulia kama chuma likigongwa. Lisiloiva hutoa sauti nzito, na likilala majini hulainika. Tanuru hula kuni nyingi sana. Kwa hiyo mzee alimwagiza baba apande mikaratusi kando ya shamba, ili watoto wake nao wapate kuni za kuchomea siku yao ikifika.

II. Msingi

Matofali yalipokuwa yanakauka, msingi ulichimbwa. Baba alichagua mahali palipoinuka, maji ya mvua yasisimame. Choo alikiweka upande wa chini, mbali na kisima zaidi ya mita 30, ili uchafu usipite ardhini ukaingia katika maji ya kunywa.

Alipiga vigingi vinne na kufunga kamba. Kwa macho kila kitu kilikuwa sawa. Siku ya Posho mzee alifika, akamwambia mtoto: «Pima kutoka kona hii mpaka kona ile inayoielekea. Halafu pima kona mbili nyingine.»

Mtoto akapima. Mara ya kwanza aliona mita 10 na sentimeta 20. Mara ya pili, mita 9 na sentimeta 80.

«Nyumba yenu imelala ubavu,» mzee akasema. «Pande zake zina urefu wa haki, lakini pembe zake si za haki. Ukijenga hivi, mabati hayatakaa sawa.»

Akamfundisha mtoto njia ya mafundi. Kutoka kona moja pima mita 3 upande huu, na mita 4 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili pakiwa na mita 5 kamili, pembe ni ya haki. Kwa nyumba ya mita 6 na mita 8, kutoka kona hata kona sharti ziwe mita 10. Walisogeza vigingi mpaka vipimo vyote viwili vikawa 10. Kazi hiyo ilichukua nusu saa tu. Kama ukuta ungalikuwa umesimama, ingalichukua majuma.

Mtaro ulichimbwa mpaka udongo mgumu, ukajazwa mawe. Msingi uliinuliwa sentimeta 40 juu ya nchi. Juu ya mawe walitandaza simenti, ili unyevu usipande ukutani, na mchwa wasipate njia ya siri. Mchwa akipita nje ya msingi hujenga njia ya udongo, na mwenye nyumba huiona na kuivunja.

III. Ukuta na ufa

Mwishoni mwa mwezi wa nane walianza kujenga kuta. Mzee alitoa amri nne. Lowesha tofali kabla ya kuliweka, lisinywe maji ya udongo wa kujengea. Tofali la juu lifunike mshono wa matofali mawili ya chini. Usipandishe ukuta zaidi ya mita moja kwa siku, maana udongo mbichi hauwezi kubeba mzigo mkubwa. Na kila baada ya safu tatu, tumia timazi.

Timazi ni kitu kidogo: uzi na kipande cha chuma kizito. Hata jiwe laweza kutosha. Uzi wake hunyoka sawasawa kuelekea chini, hauwezi kudanganya. Kazi ya mtoto ilikuwa kushika timazi.

Mwezi wa tisa mzee aliugua. Siku mbili za Posho hakuonekana. Upande wa ziwa mawingu yalianza kukusanyika, na baba akaogopa mvua. Akajenga toka alfajiri mpaka giza, akapandisha ukuta mita moja na nusu kwa siku moja. Kwenye kona ya chumba cha watoto aliweka matofali upesi upesi, mshono juu ya mshono. Mtoto alipoleta timazi, baba akamwambia: «Iweke kando. Macho yangu yatosha leo.»

Ukuta ulipofika kimo cha mita mbili, mama alileta maji ya kazi. Akasimama karibu na kona, akatazama.

«Baba watoto,» akasema, «ufa huu sikuuona jana.»

Ulikuwa ufa mwembamba kama uzi, lakini ulishuka kutoka juu mpaka katikati ya ukuta. Baba aliugusa kwa kidole. «Nitaupaka udongo,» akajibu, «halafu chokaa. Hautaonekana.»

Mtoto alisikia, akanyamaza. Jioni, wengine walipokwisha kuondoka, alitundika timazi juu ya kona. Chini, chuma kilikuwa mbali na ukuta kwa vidole vitatu. Ukuta ulikuwa unaanguka nje polepole. Baba alirudi kuchukua mwiko wake, akamkuta pale. Naye akaona. Hawakusema neno.

Siku ya Posho mzee alikuja na fimbo, angali dhaifu. Aliutazama ufa, akatazama timazi iliyotundikwa. Kisha akaketi juu ya matofali.

«Mwanangu, nani watalala upande huu?»

«Watoto.»

Mzee hakusema: «Bomoa.» Alisema tu: «Udongo huficha ufa, hauuondoi.»

Baba alisimama kitambo. Aliwaza mawingu, aliwaza siku alizopoteza, aliwaza majirani watakavyocheka. Halafu alipanda juu ya jukwaa, akang'oa tofali la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, akampa mtoto. Walibomoa safu kumi na nne pande zote mbili za kona.

Jirani mmoja alipita njiani, akauliza: «Ndugu, wajenga au wabomoa?»

«Nasahihisha,» baba akajibu.

Walikwangua udongo wa zamani katika kila tofali. Wakajenga tena, mshono ukafunikwa, timazi ikatundikwa baada ya kila safu tatu. Kazi hiyo ilikula siku tisa.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku, kabla ya mabati. Mama aliamka, akatoa mikeka yote waliyolalia. Walifunika vichwa vya kuta kwa mikeka na nyasi, wakaweka mawe juu, upepo usipeperushe. Asubuhi safu mbili tu zilikuwa zimelainika upande mmoja. Wakazibadili.

Paa hakujaribu kulijenga peke yake. Alikuwa ameweka fedha za kumlipa seremala, naye seremala alifunga boriti kwa waya ulioingizwa ukutani tangu safu za chini. Paa lisilofungwa hivyo, upepo wa dhoruba hulichukua. Baba alikuwa msaidizi tu, akashika mbao na kupokea misumari. Majuma machache kabla ya Noeli waliingia katika nyumba, na Padri akaibariki.

IV. Kazi ya mwenyewe na kazi ya fundi

Katika miji pia watu wamejijengea. Elisabethville, uliopewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, ulijaa watu baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945, na nyumba hazikutosha. Karibu na mwaka 1950 ulikuwapo mpango ulioitwa kwa jina la mtawala Mbelgiji, Grévisse. Mwenye kiwanja alikopeshwa vifaa, akajijengea mwenyewe au kwa msaada wa waashi, halafu akalipa deni polepole. Mwaka 1952 serikali ya wakati ule ilianzisha pia Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojenga nyumba nyingi kwa mafundi wake. Njia zote mbili zilileta nyumba. Lakini aliyejenga mwenyewe alipata kitu zaidi: aliijua nyumba yake, na ilipoharibika alijua mahali pa kuanzia.

Basi, mtu asiye fundi aweza kufanya nini? Aweza kufyatua matofali, kuchimba msingi, kubeba mawe na kuchanganya udongo. Aweza kupaka chokaa, kusakafu chumba, kuziba nyufa ndogo za udongo uliopakwa, na kusafisha mifereji ya maji. Akifundishwa na kuangaliwa, aweza kupanga matofali.

Lakini kazi nyingine zataka mwenye ujuzi. Kuna mtu anayetaka kupanua chumba katika nyumba ya zamani, akachukua nyundo na kubomoa ukuta wa katikati. Sharti aulize kwanza: ukuta huu wabeba nini? Kama wabeba boriti za paa, akiuondoa paa litamwangukia. Waya za umeme zisiguswe na asiyezijua, maana umeme haumpi mtu nafasi ya kusahihisha. Chokaa mbichi huunguza macho, na anayeipaka darini afunike uso. Tena kuna mapaa ya zamani ya mabamba ya simenti yenye asbesto. Miaka ya nyuma hatari yake haikujulikana na wengi. Leo inajulikana wazi kwamba vumbi lake likiingia mapafuni huleta ugonjwa mkubwa, hata kansa, baada ya miaka mingi. Mabamba hayo yasikatwe kwa msumeno, yasipondwe, wala yasichezewe na watoto.

Kumwita fundi kwa kazi hizo si uvivu. Na kufanya mwenyewe kazi unayoiweza si umaskini wa kuonea haya. Yezu mwenyewe alifanya kazi ya mikono kule Nazareti pamoja na Mtakatifu Yozefu. Mwaka 1955 Papa Pio XII aliweka tarehe 1 ya mwezi wa tano kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yozefu Mfanyakazi, ili kazi ya mikono iheshimiwe.

Katika Injili Yezu alisimulia habari ya watu wawili, mmoja aliyejenga juu ya mwamba, na mmoja aliyejenga juu ya mchanga. Siku za jua nyumba zote mbili zilikuwa nzuri. Mvua ndiyo iliyozipambanua. Ndivyo ilivyo kwa kazi ya mtu anayejijengea. Hakuna msimamizi nyuma yake, wala bwana wa kumkemea. Yeye ni mfanyakazi, na yeye ni mwangalizi wa kazi yake. Akijidanganya, ni nani atakayemwambia?

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Baba wa Marungu alijifunza kwamba kuna nyufa zisizozibwa. Zataka mtu ashushe alichokipandisha, aanze upya, hata mawingu yakiwa juu.

Nyumba ile ilipita mvua nyingi. Kila mwaka, kabla ya masika, mtoto alichukua timazi iliyotundikwa nyuma ya mlango, akaipima ile kona. Uzi ulishuka sambamba na ukuta toka juu hata chini.

Maulizo

1. Kwa nini nyumba ya miti na udongo haidumu?
2. Udongo wa kichuguu huchanganywa na nini? Kwa sababu gani?
3. Tofali lililoiva hutambulikanaje?
4. Nyumba ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 9. Kutoka kona hata kona sharti ziwe mita ngapi?
5. Taja amri nne za mzee. Baba alivunja zipi?
6. Kwa nini mzee hakusema «Bomoa»?
7. Taja kazi tatu ambazo mtu asiye fundi aweza kuzifanya, na tatu ambazo sharti amwite mwenye ujuzi.

Kazi ya mikono

Funga jiwe dogo kwa uzi, upate timazi. Pima kona moja ya nyumba yenu na kona moja ya darasa. Andika ulivyoona.